Bendera Moja ya Glenys

Siku za kazi Glenys Trezise alikamua ng'ombe. Jumamosi alikuwa mwamuzi wa goli. Kwenye ligi ya wilaya yao, ya mpira wa kudaka kwa mikono na kupiga kwa mguu, kila timu huja na mwamuzi wake wa goli, na inadaiwa kwamba ukishavaa lile koti jeupe, mapenzi unayaacha nyumbani. Aliyetunga maneno hayo hakuwahi kuwa na mtoto uwanjani.

Asubuhi ya fainali, mumewe Kelvin, mwenyekiti wa klabu ya Warrengal, alimwambia akimimina chai, "Mama, leo ukituangusha, utarudi kwa miguu."

Alicheka. Glenys hakucheka, maana alimjua.

Sasa Warrengal walikuwa nyuma ya Dunmeath kwa pointi mbili, na Brodie, mtoto wao, alikuwa ameudaka mpira mbele ya goli. King'ora kikalia. Mchezo umekwisha, lakini aliyedaka kabla ya king'ora ana haki ya kupiga. Mpira ukipita safi kati ya nguzo mbili ndefu ni pointi sita, na mwamuzi hupunga bendera mbili. Ukigusa nguzo, hata kwa kuipapasa tu, ni pointi moja, bendera moja, na kombe linakwenda Dunmeath.

"Glenys, miwani umevaa?" alipiga kelele shabiki mmoja wa Dunmeath.

"Usijali, ataona anachotaka kuona!" mwenzake akamjibu, wakaangua kicheko.

Glenys alisimama kwenye mstari wa goli. Nyuma yake magari yalikuwa yamepangana kuzunguka uwanja, la Kelvin likiwa karibu kuliko yote. Brodie alikimbia, akapiga. Mpira ukaja juu ukipinda, ukapinda tena, na ulipompita Glenys alisikia kwenye sponji iliyofungwa kuzunguka nguzo ya kulia, tup, sauti ndogo kama ya tofaa linaloanguka kwenye majani.

Papo hapo honi ikalia mgongoni kwake. Ya Kelvin. Kisha zikafuata zote, uwanja mzima ukipiga honi kama unavyofanya goli linapoingia, na vijana wa Warrengal wakamrukia Brodie.

Mwamuzi wa kati alimjia mbio. "Vipi, mama? Mimi sikuona."

Hakuna mwamuzi aliyeona. Glenys alimtazama mwanawe aliyebebwa juu juu, akatamani masikio yake yangekuwa mabovu.

"Umegusa nguzo," alisema.

Akainua kidole kimoja. Akachukua bendera moja, akaipunga.

Honi zilikatika moja moja. Brodie walimshusha. Mtu alimrushia Glenys kopo la bia, likampata begani, naye akaendelea kupunga mpaka mwamuzi wa goli la upande wa pili akamjibu kwa bendera moja.

Watu walipoondoka alivua koti, akaanza safari ya nyumbani kwa miguu. Gari la Kelvin lilimfikia barabarani, mlango ukafunguliwa.

"Panda. Ng'ombe wanasubiri."

Walifika kwenye lango la shamba. Kelvin alizima injini, mikono yake ikiwa bado kwenye usukani.

"Niliiona sponji ikitikisika," alisema. "Ndiyo maana nilipiga honi. Nilitaka usisikie."