Tulimfuta kiungo wetu mwenye magongo kwenye fomu ya usajili, yaliyotukuta Jangwani mpaka leo siamini

Wakuu, heshima yenu. Wenye timu za mtaani sogeeni karibu, wenye presha kunyweni maji kwanza.

Wanaonijua humu wanajua nina ugonjwa wa kuongeza chumvi. Nikiona paka nasema chui. Leo chumvi nimeiacha jikoni, labda punje mbili tatu zimebaki kwenye vidole.

Mimi nauza vitenge Kariakoo, na ni katibu wa timu ya mtaa wetu. Ukatibu nilipewa kwa sababu nimesoma. Kidato cha nne nilimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari na ndevu na mke, nakaa dawati la mbele na kalamu tatu mfukoni. Kwenye timu ya wabeba mizigo na wauza maduka, mimi ndiye profesa.

Hilo la usomi likumbukeni, maana ndilo lililotumaliza.

Timu tuiite Vitenge FC. Mazoezi alfajiri Mnazi Mmoja kabla maduka hayajafunguliwa, mechi Jumapili saa kumi kule Jangwani. Mwenyekiti ni Bhai Pravin, mwenye duka ninapofanya kazi, mzaliwa wa Mchafukoge. Mpira hajawahi kuugusa hata kwa bahati mbaya, lakini tukifungwa hali chakula.

Sasa tulikuwa na kiungo mmoja, mbeba mizigo, mtu wa Newala. Jina la utani Pimamaji. Mnakijua kile kifaa cha fundi ujenzi chenye povu katikati, cha kupimia kama ukuta umelala sawa? Ndivyo pasi zake zilivyokuwa. Mpira ukitoka mguuni kwake unafika kwako umetulia kama umetumwa na barua.

Mechi ya tatu ya ligi, mvua imenyesha wiki nzima, Jangwani pamekuwa uji. Pimamaji akakanyaga shimo lililojaa maji. Goti likalia. Mimi nilikuwa ng'ambo ya uwanja na nililisikia.

Hospitali wakasema miezi mingi, asibebe mzigo, asicheze. Bhai Pravin akampa kigoda mbele ya duka awe anaita wateja. Siku sita ni mtu wa magongo, anaita kina mama waje kushika kitambaa. Jumapili tu ndiyo anakuwa Pimamaji. Anavaa jezi, anakaa benchi, anapiga kelele dakika tisini.

Hana ndugu hapa mjini. Ndugu zake ni sisi.

Basi tukaanza kufungwa. Tukafungwa mpaka kuku wa jirani wakawa wanatusikitikia. Ikabaki mechi moja, dhidi ya wauza viatu wa ng'ambo ya barabara, Ndala Stars, nao wako mkiani pamoja na sisi. Anayefungwa anashuka daraja. Ni mtaa kwa mtaa, duka kwa duka, na kila asubuhi mnaangaliana usoni mkifungua milango.

Ligi yetu fomu ina majina kumi na nane. Asiye kwenye fomu haingii ndani ya kamba, hata awe nani. Na unaruhusiwa kubadilisha jina moja kabla ya mechi ya mwisho.

Hapo ndipo mimi nikajifanya nina akili.

Niliitisha kikao ghorofani, stoo, tumekaa juu ya marobota ya vitenge. Nikasimama.

"Ndugu mwenyekiti, fomu ina nafasi kumi na nane. Moja imekalia magongo. Kuna kijana Mbagala anaitwa Tabo, ana mbio huyo, akipita kivuli chake kinachelewa. Tumfute Pimamaji, tumwandike Tabo."

Kapteni wetu Nassoro, ambaye ndiye kipa na ndiye kocha, akatikisa kichwa.

"Katibu, wewe huwa unakaa kwenye kivuli na daftari. Mimi niko golini. Pimamaji akisema panda, beki zangu zinapanda. Akisema rudi, zinarudi. Mimi nikisema panda, wananiuliza kwa nini."

"Kelele hata mpiga debe anazo," nikamjibu.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaona nimeua.

Bhai Pravin akajifuta jasho. "Mimi sijui kelele, sijui nini. Mimi nataka timu isishuke. Yule jirani wa viatu atanicheka mpaka Diwali ijayo."

Tukapiga kura ya mikono. Wakuu, hili bado linanikaa rohoni. Dirisha lilikuwa wazi, na wakati mikono inapanda, chini tunamsikia Pimamaji mwenyewe: "Karibu mama, shika mwenyewe, kitambaa hakichuji hiki, kikichuja niletee mimi."

Tisa tukasema afutwe. Watano abaki.

Kanuni inataka barua yenye muhuri, nakala moja kwa waandaaji, moja kwa mchezaji. Ilitosha kuandika mstari mmoja: mchezaji ni majeruhi, tunaomba nafasi yake ijazwe. Kwa kanuni zetu, hapo anabaki mtu wa timu, akipona anarudi.

Lakini katibu ni msomi. Barua rasmi nilipata alama za juu kuliko darasa zima, tena siku ambayo umeme ulikatika tukaandika kwa tochi za simu. Ningeandikaje mstari mmoja?

Nikashusha aya tatu. Ya mwisho ilisema hivi: "Uongozi unamruhusu kwa moyo mkunjufu kujiunga na timu yoyote aitakayo kuanzia leo, na unamtakia kila la heri."

Nilidhani ni adabu. Nikagonga muhuri, na kwa furaha nikagonga wa pili pembeni.

Mzee wa waandaaji alipoisoma alinitazama juu ya miwani. "Katibu, una uhakika na hii aya ya mwisho?"

"Mzee wangu, barua rasmi inafungwa hivyo."

"Haya."

Nakala nyingine nikampelekea Pimamaji pale kwenye kigoda. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akaiweka mfuko wa shati.

"Umeandika vizuri, Katibu."

"Si unajua tena, kaka."

"Sasa Jumapili nitakaa wapi?"

"Nje ya kamba, na mashabiki."

Akapita mama mmoja na kikapu, akamwita, "Karibu mama." Nikapanda zangu juu nikajua yameisha.

Jumapili hiyo. Jangwani pamejaa, nadhani Kariakoo walibaki paka tu. Tabo kavaa jezi inang'aa. Mimi na daftari langu kivulini. Ndala Stars wanatoka, jezi za kijani, wachezaji kumi na moja, halafu benchi lao linafuata.

Wa mwisho kwenye benchi ana magongo.

Nikadhani jua limenipiga. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Magongo bado yapo. Jezi ya kijani, mgongoni namba kumi.

Walimsajili mtu asiyeweza kutembea mpaka chooni bila magongo. Wao nao walikuwa na nafasi moja ya kubadilisha, na wakaitumia kwa yule tuliyesema hana kazi.

Nikakimbia meza ya waandaaji, daftari limeanguka sijui wapi. "Mzee, yule ni mchezaji wetu."

Mzee hakubishana. Akafungua faili, akatoa barua, akaiweka mezani, kidole kwenye aya ya tatu.

"Saini ya nani hii?"

"Yangu."

"Na muhuri?"

"Wetu."

"Tena miwili," akasema, akafunga faili.

Nassoro alikuwa nyuma yangu, glovu mkononi. Alikuwa amesoma yote. Angenitukana ningeshukuru. Aliniangalia tu kama mtu anayeangalia gari lake likivutwa na breakdown, akageuka akaenda golini.

Mnadhani huo ndio mshtuko? Mechi ilikuwa haijaanza.

Dakika ya kumi hivi, Pimamaji akasimama kwa gongo moja, akawapigia kelele mabeki wa Ndala Stars: "Panda!"

Mabeki wao wakapanda.

Na wetu wakapanda.

Wakuu, narudia kwa waliosoma haraka. Mabeki wa timu yetu, baada ya miaka miwili ya kuisikiliza ile sauti kila Jumapili, waliisikia wakaitii. Nyuma akabaki Nassoro peke yake na uwanja mtupu kama shamba. Mpira mmoja mrefu, bao.

Beki wetu wa kulia akashika kiuno. "Si kasema panda?"

"Nani kasema?" Nassoro akamuuliza.

Jamaa akatazama benchi letu. Halafu la wenzetu. Sijawahi kuona mtu mzima amepotea hivyo katikati ya mchana.

Bao la pili hivyo hivyo. Pimamaji kawaambia wenzake warudi, wetu wakarudi nao, mshambuliaji wao akabaki huru, kapiga kwa nafasi kama anachagua kiatu dukani.

Mapumziko Bhai Pravin akachana kitambaa cha kitenge vipande vipande, tukawaziba mabeki masikio. Ikasaidia kwa Pimamaji. Ila sasa hawakumsikia Nassoro wala filimbi ya refa. Mmoja aliendelea kukokota mpira peke yake uwanja mzima unamtazama.

Tabo alifunga bao moja, sina la kumsema. Ana mbio kweli. Ila alikimbia pale alipojisikia, hakuna aliyemwambia wapi. Tukafungwa tatu kwa moja. Tukashuka.

Baada ya filimbi Pimamaji akaja upande wetu taratibu na magongo yake. Nikajiandaa kuchekwa. Nilistahili.

Akamwendea beki wa kulia, akamtoa kitambaa sikioni kwa vidole viwili. "Unachelewa kurudi ukishapanda. Nilikwambia tangu mwaka jana."

Jamaa akaanza kulia. Nami nikajifanya natafuta daftari.

Jumatatu kigoda mbele ya duka letu kikawa kitupu. Jirani wa viatu kampa kingine, cha plastiki chenye egemeo. Tangu hapo naisikia ile sauti kutoka ng'ambo kutwa nzima, inaita watu kwenye ndala. Wateja wetu wengine wanasimama katikati ya barabara, kisha wanageuka kushoto.

Wiki iliyopita nikavuka. Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa kipindi.

"Kaka, msimu ujao tuko daraja la chini. Ukiwa unacheza au hujapona, tunakuomba urudi kwenye fomu."

Akanyoosha mkono. "Leta barua."

"Nitaandika leo leo."

"Fupi, Katibu. Na usiandike 'uongozi'. Andika 'mimi'."

Ndugu zangu, nimeandika rasimu nne na zote nimezichana. Kila nikianza kalamu inakimbilia "uongozi unapenda kukufahamisha". Miaka minne ya masomo ya jioni na hakuna aliyenifundisha hiyo barua.

Nilichojifunza ni kimoja tu. Kabla hujamfuta mtu kwa kuwa kakaa chini, nenda kakae pale anapokaa, mechi nzima, usikilize. Mimi nilikuwa hatua kumi na tano kutoka lile benchi msimu mzima nikihesabu kona.

Sasa leteni maoni. Ungekuwa kwenye kile kikao cha juu ya marobota, mkono wako ungeupandisha wapi? Msiniogope, nitukaneni kwa zamu.

Na mwenye kujua barua inayoanza na "mimi" inaendeleaje, aniwekee hapo chini. Nimekaa na karatasi, muhuri nimeufungia kabatini. Mpaka sasa nina mstari mmoja:

Mimi ndiye niliyepandisha mkono wa kwanza.