Mfuko Ulioandikwa Kahama

Nimehama sana. Nimetangaza Geita, Chato na Mwadui, nikizunguka na gari la spika, na kila mji niliouacha bado nautamani. Lakini nikijiuliza nimefanya nini cha maana, nakumbuka ofisi ya matangazo ya vyumba viwili pale Kahama, na mfuko mmoja wa mchele.

Mteja alikuwa mama mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alitaka tumchoree mifuko, kisha mimi niutangaze mchele wake mnadani.

"Andikeni Mchele wa Kyela," alisema, akitaja mchele unaosifika kwa harufu.

"Si mpunga wa hapa hapa, mama?"

"Baba, mji mzima unauza Kyela!"

"Kyela ingekuwa kubwa hivyo, ingeshameza Ziwa Nyasa."

Alicheka, lakini hakulegea. "Wewe cheza na maneno yako. Mchele wangu usiuchezee."

Bosi wangu akaweka penseli chini. Hatukuwa na mteja mwingine wa mifuko. "Amua wewe," akaniambia. "Sauti itakayosikika ni yako."

Ndicho kilichoniumiza. Wanunuzi wa mnadani ni watu wanaolima mpunga kwenye majaruba yao wenyewe. Nikiwadanganya kuhusu mchele, kesho hata dawa ya ng'ombe nikiitangaza hawataniamini.

"Nipe mnada mmoja, mama," nikamwomba. "Nikishindwa, andika hata Marekani."

Alikubali kwa shingo upande. Tukapeleka gunia moja na sufuria kubwa, tukapika wali karibu na zizi la ng'ombe. Nikashika kipaza sauti.

"Huu ni mchele wa Kahama! Una chenga kidogo, punje zilizovunjika, sifichi. Ni mpya, usizidishe maji. Kuhusu harufu, iulize pua yako!"

Bibi mmoja akaupita wali bila kuutazama. Akainamia gunia, akachota punje mbichi, akatafuna taratibu. Mteja wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Shikamoo, bibi. Unauonaje?"

"Marahaba. Huu ni wa majaruba yetu." Akatema mabaki. "Wenzako huniambia mchele umetoka mbali, kama vile sijui nilichopanda. Nipimie kilo mbili."

Watu wakaangua kicheko, wakasogea. "Wabeja, mayu," nikamshukuru kwa Kisukuma. Kabla ya saa sita gunia lilikuwa tupu.

Tulipokuwa tukiosha sufuria, mama akanisogelea. "Haya, andikeni Kahama. Ila hiyo chenga nayo lazima?"

"Tutaiweka chini kabisa, mama. Lakini isomeke."

Juzi, dukani karibu na stendi ya Chato, niliuona mfuko ule. Nikamuuliza muuzaji mchele umetoka wapi.

"Baba, husomi? Kahama!"

Nikaugeuza. Chini kabisa, kwa herufi za mkono wa bosi wangu, chenga bado ilikuwepo. Nikanunua, ingawa safarini sina hata jiko la kuupikia.