Neno "Shika" katika Ukurasa wa Houda

Tangu asubuhi Houda alikuwa ameusoma ukurasa wake mara nne bila kuona kosa, na hilo ndilo lililomtia hofu. Miezi yake mitatu ya majaribio katika kampuni ndogo ya programu pale Ngagara ilikuwa inakwisha siku hiyo. Jérémie, mkuu wa kazi, alikuwa amesema wazi: maelezo yakieleweka, mkataba utatiwa saini, yasipoeleweka, wataagana kwa wema.

Kazi yake ilikuwa kueleza kwa Kiswahili vitendakazi, yaani vipande vya programu, vinavyosimamia vielekezi. Kielekezi hukumbuka data ilipo ndani ya kompyuta. Kile kinachoimiliki data hubeba pia wajibu wa kuifuta kazi ikiisha. Sehemu mbili za programu zikijidhania kila moja kuwa mmiliki, zote mbili zitafuta, na programu itaanguka.

"Dada Houda, kuja uone musiba wako!" aliita Mwavita, mwenzake aliyepewa kuyajaribu maelezo hayo.

Programu ilikuwa imeanguka. Houda alitazama kioo cha kompyuta.

"Umefuta data isiyo yako."

"Si yangu? We mwenyewe umeandika: 'Kitendakazi hiki hukuwezesha kushika data.' Nikashika. Nilipomaliza, nikafuta. Mama alinifundisha usafi."

"Kushika ni kushika tu, Mwavita, si kuchukua!"

"Iyo ni ku vitabu. Pale soko ya Mutakura, muuzaji akikunyooshea nyanya aseme 'shika', unamurudishiaka?"

Mwavita alicheka peke yake. Houda alikumbuka sahani ambazo mama yake, Bi Zubeda, humnyooshea kila jioni akisema, "Shika." Hakuwahi kumuuliza kama ni za kurudisha.

Neno hilo lilikuwa mahali kumi na saba, na Jérémie alitaka kazi saa kumi kamili. Ilibaki nusu saa. Halikuweza kubadilishwa kwa mkupuo, kwa maana mahali pengine lilimaanisha kuazima na pengine kupokea moja kwa moja. Aliandika kwanza: "Unaitazama tu, mwenyewe ni yule yule, usiifute." Kisha, kwa kitendakazi kingine: "Umekabidhiwa, sasa kuifuta ni juu yako." Alipofika la kumi na saba, Mwavita alijaribu tena. Programu ikasimama imara.

Hata hivyo hofu haikumtoka. Ijumaa iliyopita alikuwa ametuma ukurasa ule wenye kosa kwa wanafunzi sita waliokuwa wakijifunza kazi hapo kampuni. Angeweza kunyamaza mpaka saini ipatikane. Aliinuka, akabisha mlango wa Jérémie, akayaeleza yote akiwa amesimama.

Jérémie alisoma polepole, mstari kwa mstari, huku Houda akihesabu misumari ya mlango.

"Hao sita uwaandikie leo, kabla hujatoka," alisema hatimaye. "Uwaambie neno gani limekosewa, na kwa nini."

"Ndiyo, chef," Houda alimjibu mkuu wake.

Akavuta droo, akatoa karatasi mbili za mkataba zilizopigwa muhuri, akamnyooshea.

"Shika."

Houda hakuinua mkono.

"Za kutazama tu, chef, ao ni zangu?"

Jérémie alimwangalia, kisha akautazama ukurasa uliokuwa bado mezani.

"Umekabidhiwa," akasema.