Nilivyosamehewa Stashahada

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo, ufagio na onyo. Ilikuwa Turffontein, mtaa wa Johannesburg, chumba cha nyuma cha nyumba moja karibu na uwanja wa mbio za farasi. Mwenye kazi alikuwa fundi sanifu wa meno, mzungu mnene ambaye sote tulimwita Meneer, yaani bwana, kwa lugha ya kwao. Akaniambia, "Shabani, ukiona kitu cheupe kinang'aa sakafuni, usikifagie. Huenda ni jino la mtu."

Mimi ni mtu wa Tanga. Shule niliiacha darasa la tano, na Bondeni, yaani Afrika Kusini, nilikuja na begi moja. Nasema haya mapema ili ninyi vijana mjue mnasoma maneno ya nani. Nilifundishwa na macho yangu na mikono yangu, na mikono hiyo, sioni haya kusema, ilikuwa bora kuliko ya wenye vyeti wote niliowahi kukaa nao benchi moja.

Kazi yenyewe ni hivi. Daktari huchukua kipimo cha kinywa cha mgonjwa kwa uji mzito unaoganda. Sisi tunamimina plasta ndani ya kipimo, ikikauka tunapata fizi za mtu, ngumu kama jiwe, ziko mezani. Juu yake tunapanga meno moja moja kwenye nta ya rangi ya waridi, kisha tunafunga juu na chini kwenye artikuleta, chombo cha chuma chenye bawaba kinachotafuna kama taya. Yakikutana vizuri tunayazika ndani ya kasha, tunaiyeyusha nta kwa maji ya moto, na pale ilipokuwa nta tunaingiza akriliki, plastiki ngumu ya rangi ya fizi. Hiyo ndiyo fizi ya bandia. Halafu unasugua mpaka ulimi wa mtu usione tofauti.

Plasta haimsubiri mtu. Siku moja Meneer alikuwa kwenye simu, plasta imeanza kushika, nami nikaweka ufagio chini nikaimimina mwenyewe, nikigongagonga bakuli ili mapovu yatoke. Alipomaliza simu alikigeuza kile kipimo mara tatu, halafu akasema neno moja tu: "Kesho pia." Mwaka wa pili nilikuwa kwenye nta. Tulipohamia Randburg, kwenye maabara kubwa yenye mafundi wanne, mimi ndiye niliyekuwa napanga meno ya mbele ya wagonjwa wagumu: wachungaji, walimu, wajane wanaotaka kuolewa tena.

Tatizo lilikuwa sheria. Kutengeneza meno bila kusajiliwa ni kosa, na usajili ulidai stashahada ya chuo. Kwa hiyo kwenye karatasi ya mshahara, miaka yote kumi na moja, niliandikwa mfagiaji. Mkaguzi akitokea, Madam wa mapokezi alibonyeza kengele mara mbili. Hapo navua aproni, nashika ufagio. Mkaguzi mmoja alisimama karibu yangu, mbele yetu kuna seti ya meno niliyoacha nusu, nta bado ya moto. Akamwambia Meneer, "Hapa kwenu ni safi sana." Mafundi wenzangu wakanitania mwezi mzima: "Shabani, hongera, umepata cheti!" Nilicheka nao. Nyumbani sikucheka.

Kisha kikaja kifungu kipya cha sheria. Madam alikisoma kwenye jarida la taaluma, akaniita.

"Shabani, njoo. Humu umetajwa."

"Mimi?"

"Si kwa jina. Aina yako."

Kifungu kilisema kuwa mtu aliyefundishwa kazi benchini na fundi aliyesajiliwa, kwa miaka ya kutosha, anaweza kusamehewa sharti la stashahada, mradi afaulu mtihani wa vitendo. Lakini dirisha la maombi lilikuwa na siku ya mwisho, na likifungwa limefungwa. Niliwaza: nikilikosa hili, nitazeeka na ufagio.

Kiherehere changu kikanipeleka kwa Msajili wa Baraza la taaluma yetu bila kumwuliza mtu. Nilibeba boksi la viatu lenye seti kumi na nne za meno ya mfano, nikazipanga kaunta, juu na chini, zinacheka zote. Msajili, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alirudisha kiti nyuma.

"Eish! Baba, ondoa haya meno. Watu wametoka kula."

"Ni ushahidi, Mama. Yote nimetengeneza mimi."

"Yanaweza kuwa ya yeyote. Ninachotaka ni hati ya kiapo ya mwajiri wako, aseme ulifanya kazi ya fundi, tangu lini, chini ya nani."

Nilirudi Randburg nikidhani Meneer ataiandika mara moja, maana alikuwa akinipenda. Aliposikia, alifuta mikono yake polepole.

"Shabani, wewe unaomba niandike kwamba nimevunja sheria miaka kumi na moja. Ukweli wako ndio kosa langu. Wakitaka, wananinyang'anya leseni. Na hawa wanne watakula wapi?"

Hakuwa anasema uongo, na hilo ndilo lililoniumiza. Wiki mbili zikapita. Nilipanga meno, nilishika ufagio. Zilipobaki siku tatu dirisha lifungwe, Meneer alikuja benchini akaniambia seti ya mchungaji fulani inabana. Nikashindwa kujizuia.

"Meneer, naomba utoe meno yako ya juu."

"Nini?"

"Uyatoe, tuyaweke hapa mezani, tuwaulize wote humu nani kayatengeneza. Kama ni mfagiaji, basi umekuwa ukila nyama kwa ufagio miaka sita."

Mafundi wote wakageuka. Mashine ya kusugulia tu ndiyo ilikuwa inalia. Meneer alikuwa mwekundu hadi masikioni, nikajua kazi imekwisha. Akageuka, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Asubuhi yake alinikuta nje kwenye robot, yaani taa za barabarani, nimetoka kushuka kwenye teksi. Akafungua mlango wa gari. "Panda."

Tulikwenda kituo cha polisi, maana huku watu huapa mbele ya askari. Alikuwa ameandika kurasa mbili kwa mkono wake, mwaka kwa mwaka, kazi gani nilifanya na nani alinisimamia. Konstebo, binti wa miaka ishirini na kitu, alizisoma zote, midomo ikimcheza.

"Mkhulu," akamwambia, kama wanavyomwita babu, "hii ni hati ya kiapo au ni maungamo?"

"Kwa umri wangu hakuna tofauti. Gonga muhuri."

Aligonga. Siku hiyohiyo nilizikimbiza kurasa zile kwa Msajili, dirisha halijafungwa. Baraza lilimwandikia Meneer barua ya onyo, kali lakini onyo tu. Aliitundika chooni.

Mtihani ulikuwa siku mbili. Tulikuwa watu tisa, wengi wetu tuna mvi. Nilipomaliza kupanga, profesa mmoja aliinama akanionyesha jino lililo pembeni mwa chonge, nililolizungusha kidogo makusudi.

"Hili limekosea?"

"Hapana, Profesa. Yakinyooka yote kama ukuta, kila mtu atajua ni ya bandia. Mungu hakumpangia mtu meno kwa rula."

Akaandika kitu. Baadaye ilikuja bahasha yenye namba ya usajili. Namba, vijana, yenye jina langu pembeni.

Nikafungua maabara yangu Soweto, nyuma ya spaza, duka dogo la mtaani, ya Mrundi mmoja muungwana. Niliifanya kazi hiyo kwa jina langu miaka kumi na tatu. Sasa nina hamsini na saba, macho hayaoni tena mpaka wa nta na jino, nimestaafu kabla sijaharibu kinywa cha mtu. Mnaofanya kazi chini ya kivuli cha mwingine, andikeni kila siku mlichofanya, na mkisikia kifungu kama kile, nendeni, hata kama mwajiri wenu atanuna. Sheria inayofunga mlango mara nyingine hubakisha dirisha, ila ni lazima muulizie.

Kila seti niliyotengeneza Soweto niliizikia kikaratasi chembamba ndani ya akriliki, kimeandikwa namba yangu. Mwezi uliopita kwenye arusi ya jirani, gogo mmoja, yaani bibi kizee, aliyeketi karibu nami alikuwa anavunja mfupa wa ng'ombe kama msichana. Nikamsifu. Akayatoa meno yake, akayafuta kwa leso, akanionyesha kwenye mwanga.

"Haya si ya kubahatisha, mwanangu. Tazama, yana namba ya fundi. Ukipata tabu, unajua pa kwenda."

Ningetaka kuwaambia kuwa nilinyamaza kwa unyenyekevu. Kusema kweli, hajamaliza sentensi nilikuwa nimeshatoa kitambulisho changu cha fundi, chenye namba ileile.