Aliyeniuzia ghala Bariadi alinishtaki kwa utapeli, akajiumbua mwenyewe mahakamani

Mwangaluka wakuu.

Naona vijana humu mnalia kutapeliwa fremu na viwanja. Leo nawapa ya kwangu. Chumvi siweki, nimechukiwa vya kutosha kwa kusema ukweli. Darasa la tatu tu, lakini Bariadi mjini wananijua.

Ni miaka ile ya ruksa. Watu binafsi tumeruhusiwa kununua pamba, siyo ushirika peke yake. Nikasema hapa hapa.

Nikanunua ghala bovu karibu na soko, la Masunga, manju wa ngoma. Popo wamejaa, bati limetoboka. Nikamlipa ng'ombe, akaweka dole gumba kwenye karatasi mbele ya shahidi wangu mmoja, tukamaliza.

Nikafukuza popo, nikapiga bati jipya. Makampuni yakaanza kutafuta maghala ya kupanga. Roho ikamuuma Masunga, akanishtaki.

Eti hakuuza. Eti nilimlewesha nikamshika dole kwa nguvu. Na ng'ombe? Eti nilimbilisa tu, yaani nilimpa anitunzie, kama Wasukuma tunavyofanya miaka yote.

Wakuu, hapo nilitoka jasho. Kubilisa tunafanya kweli, na hakuna anayeandikishana. Shahidi wangu alishafariki. Nikishindwa, ghala limekwenda, na jina la tapeli nabaki nalo.

Sasa Masunga alikuwa na ugonjwa mmoja, akishinda hawezi kunyamaza. Baada ya kuniuzia, kwenye mashindano ya ngoma, alinitungia wimbo wa kunicheka. Watu walivunjika mbavu, mimi nikaondoka nimenuna.

Siku ya kesi nikasema, "Mheshimiwa, huyu alitangaza kwenye ngoma kwamba kaniuzia."

"Alitangazaje?"

"Aliimba."

Hakimu, mtu wa Kilimanjaro, akacheka. "Haya, imba."

Kuimba sijui. Nikaanza kama niko msibani: nimemuuzia mjinga nyumba ya popo, mjinga kafurahi... nikakwama.

Masunga anajikunja kwenye benchi kama ameingiwa na siafu. Uvumilivu ukamshinda, akasimama.

"Unaniharibia wimbo! Umeruka pa ng'ombe!"

Akaimba mwenyewe, sauti yote, mabega yanacheza: ng'ombe zake nimechukua, popo wangu namwachia! Watu wa nyuma wakaitikia. Karani aliyekuwa anatafsiri Kisukuma anafuta machozi.

Hakimu akamwacha amalize. "Siku ya kuweka dole ulikuwa umelewa?"

"Nilewe? Huu wimbo nilitunga jioni ile ile! Mlevi anaweza kutunga hivi?"

Halafu akashika mdomo.

Nilishinda, wakuu. Nje watu wananibeba juu juu, mke wangu anapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Masunga akanisogelea pole pole.

"Ndugu yangu, ghala limekwenda. Lakini wimbo je?"

"Mtamu, mshenzi wewe."

Akacheka, nikacheka. Hatukugombana tena mpaka alipofariki.

Funzo: ukinunua, jaza watu. Ita majirani, mke wa muuzaji, watoto wake, wale washibe, waone. Mimi niliweka shahidi mmoja kwa ubishi wangu. Bila Masunga kupenda sifa, leo ningekuwa kibarua kwenye pamba za watu huko Sola.

Wenye kesi kama hizi mwageni hapa. Na anayebisha aje, ghala bado lipo na mimi nipo.