Kidari cha Bata Mzinga na Mfuniko wa Mama Namwinga

Kazi ya jiko niliianza kwa machozi. Si machozi ya huzuni, ni ya vitunguu. Matroni wa nyumba ya wageni ya kanisa, huku juu karibu na Vwawa, alinikabidhi gunia zima asubuhi ya siku yangu ya kwanza, akaniambia nimenye na kukata, atarudi kuangalia. Nilikuwa kijana wa Igamba, mtoto wa mkulima wa kahawa, na nyumbani kisu nilikishika wakati wa kuchinja tu. Aliporudi alitazama beseni, akatazama macho yangu mekundu, akasema, "Nzunda, umekata kwa hasira. Vitunguu hivi vimekukosea nini?" Kisha akachukua kisu na kunionyesha namna ya kukunja vidole ili makali yapite kwenye kifundo, yasipite kwenye ukucha. Mpaka leo nakata hivyohivyo.

Kijijini walinicheka sana. Mwanamume mzima anakwenda kazini kufunga aproni! Mjomba wangu mmoja aliniuliza mbele za watu kama na mimba nitabeba. Nilimjibu kwamba siku akija mjini na njaa atanikuta, na kweli alikuja, akala sahani mbili, na suala la mimba halikutajwa tena.

Kutoka kwa Matroni nilihamia kantini ya kiwanda cha kukoboa kahawa. Kule bosi wetu aliitwa Msimamizi wa Chakula, mtu mrefu mwenye sauti ya mnadani. Alikuwa akisema, "Watu hawa wana njaa na hawana muda. Ugali uive, maharage yaive, mengine mtaongea kwenu." Nilijifunza kwake kupikia umati bila kuunguza chini na bila kuacha juu kubichi. Ni elimu kubwa kuliko inavyosikika. Lakini sikujifunza kuipenda nyama, kwa sababu tuliiona sikukuu kwa sikukuu.

Nyama nilijifunza Tunduma, katika hoteli moja upande wa Chapwa, kwa Mama Namwinga. Cheo chake kilikuwa Mpishi Mkuu, maana yake ni kwamba mpishi wa nyama, mpishi wa wali na ugali na waosha vyombo wote walikuwa chini yake, na hata Meneja alipoingia jikoni alipiga hodi. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, kitambaa chake cha kichwani cheupe muda wote, jambo ambalo kwa mtu anayeshinda na mafuta mimi nimelihesabu kuwa muujiza. Hakupenda kupiga kelele. Akipita nyuma yako ukikaanga, alisikiliza. "Mafuta yako yanalia sana, mwanangu," alisema, "yapunguzie moto yapumue." Nami nilipunguza, na kweli chakula kilikuwa kizuri zaidi. Nilimheshimu kwa namna ambayo sijapata kumheshimu bosi mwingine, na nasema hivyo nikiwa nimefanya kazi chini ya wengi.

Wateja wetu walikuwa madereva wa malori waliosubiri kuvuka mpaka, wafanyabiashara wa mahindi, na jirani zetu wa Nakonde ng'ambo ya pili. Hao walituingilia na salamu zao za "Mwapoleni mukwai" kana kwamba mpaka haupo, na kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu pande zote mbili, kweli ulikuwa haupo sana. Ni hao wa ng'ambo waliotuletea habari ya bata mzinga. Kwao sikukuu kubwa bila ndege huyo haijakamilika.

Sasa niwaeleze vijana shida ya bata mzinga. Mapaja yake yana mafuta, hata ukizembea yatakusamehe. Kidari, yaani nyama nyeupe ya kifuani, karibu hakina mafuta kabisa, na ni kikubwa mno. Nje kikiiva, ndani bado; ndani kikiiva, nje kimekuwa ubao. Krismasi moja tulimwoka mzima kwenye oveni, akatoka na rangi ya kupendeza kabisa. Wageni wakala mapaja na mabawa. Vipande vya kidari vilirudi jikoni na alama za meno, watu wakiwa wamejaribu na kushindwa. Meneja alisimama akaitazama ile sinia bila kusema neno, na Meneja akinyamaza ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe tulilisikia baadaye, ilipokuja harusi ya binti wa Tunduma aliyekuwa anaolewa Nakonde. Upande wa bwana harusi uliomba bata mzinga, na ukaomba kidari hasa, kikatwe vipande laini kwa ajili ya wazee wao wasio na meno ya kubishana na mifupa. Meneja alituita wote. "Mama," alimwambia Mpishi Mkuu, "nakuheshimu. Lakini nyama ikirudi tena, chakula chote cha ukumbini nitampa mpishi wa mkataba kutoka Mbeya. Jiko hili litabaki la chai na chapati, na kwa chai na chapati siwahitaji wote." Tulitazamana. Tulikuwa watu wenye familia, na kila mmoja alianza kujiuliza kama yeye ni wa chapati au wa nyumbani.

Mama Namwinga hakubishana. Aliomba kitu kimoja tu: ile sufuria ya umeme ya kupika taratibu iliyokuwa stoo. Meneja mwenyewe aliinunua ng'ambo, haikutumika. Ni chungu kizito cha udongo uliong'arishwa, kimekaa ndani ya gamba lenye waya wa umeme, na mfuniko wake ni wa kioo. Moto wake ni mdogo, hauungurumi, hautoi moshi. Kinakaa kona siku nzima kikiwa na joto na hakisumbui mtu. Sisi vijana wa jiko tulikipa jina la Mstaafu. Leo nami nimestaafu ndipo naona tulikionea.

Siku moja kabla ya harusi aliloweka vidari kwenye maji ya chumvi yenye sukari kidogo, kwa sababu nyama iliyolowekwa hivyo hushika maji yake hata ikipata moto. Asubuhi alivikausha kwa kitambaa safi, akavipaka siagi iliyopondwa na kitunguu saumu, pilipili manga na maganda ya limau, akaingiza siagi nyingine chini ya ngozi kwa vidole, taratibu, ngozi isichanike. Chini ya chungu alitandika vitunguu na karoti nene, nyama ikakaa juu yake kama kitandani. Maji akatia kidogo mno, kikombe cha supu tu. Nikamwambia, "Mama, si itaungua?" Akasema, "Itatoa maji yake yenyewe. Wewe ukiijaza maji unaichemsha, huipiki." Akafunika. Kisha akatugeukia. "Mfuniko huu usifunuliwe. Mvuke unapanda, unagonga kioo, unarudi kuiloweka nyama. Ukifunua mara moja umeutoa wote nje, na joto lake ni dogo, halirudi upesi."

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kwetu, kwenye sherehe, shangazi za bibi harusi huingia jikoni, na heshima yao ni kufunuliwa. Unamfunulia sufuria, anachungulia, anaonja, anasema neno jema, pengine anaongeza chumvi ambayo haikuhitajika, unashukuru. Kumnyima shangazi mfuniko ni kumwambia si wa nyumba hii. Mama Namwinga alilijua hilo kuliko mimi. Alibandika mapaja, shingo na mabawa kwenye sufuria kubwa ya mkaa karibu na mlango, na kila shangazi aliyeingia alifunuliwa hiyo. Walionja, wakasifu, wakatia chumvi mpaka nikaanza kuwahurumia watakaokula mapaja.

Akaja shangazi mmoja kutoka Momba, kule bondeni. Mwembamba, kitenge chake kimefuliwa sana, mkononi hana kitu. Wenzake walikuwa wamepewa maua ya kifuani, yeye hakupewa. Nilisikia baadaye kwamba alifika asubuhi na huko ukumbini hakuna aliyemwonyesha kiti wala kazi. Alionja mapaja kwa adabu, akarudisha kijiko, halafu akanyoosha kidole kwenye kona.

"Na kile?"

"Ni nyama tu, Shangazi," nikasema haraka.

"Hiyo ndiyo ya wakwe," akasema. "Haya, nifunulieni."

Alikuwa ameshaweka mkono kwenye mfuniko. Nikifikiria chai na chapati, nilipiga hatua nimshike, lakini Mama Namwinga alinizuia kwa macho. Akamsogelea yule mama, akamwamkia kwa kupiga goti kama anavyoamkiwa mkubwa wa nyumba, na kumuuliza, "Shangazi, wanasema wewe ndiye mkunga uliyempokea bibi harusi alipozaliwa. Ni kweli?"

"Mikono hii," akasema. "Yeye na ndugu zake wote. Mama yake alikuja kwangu bondeni."

"Basi nisaidie. Kilichomo humu bado hakijatimiza siku zake. Mtoto ambaye hajatimiza, unamtoa?"

Yule mama aliutazama mkono wake juu ya kioo. Akauondoa polepole. Matone yalikuwa yanakimbia ndani ya mfuniko na kudondoka kwenye ngozi ya nyama. Akainama kuyaangalia. "Anajinywesha mwenyewe," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. Halafu akavuta kigoda, akakaa mbele ya kile chungu, magoti yakikigusa. "Nani mwingine anakuja kufunua? Aje aniambie mimi."

Walikuja. Wenye maua walikuja wawili watatu pamoja, wakiwa na sauti za ukumbini, na yule mama wa Momba akawaambia, "Rudini. Siku zake hazijafika. Nitawaita mimi." Walicheka, wakabisha kidogo, wakarudi. Umeme ulipokatika, yeye ndiye aliyepiga kelele kabla yetu, na jenereta ikawashwa chungu hakijapoa. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kulinda jiko, lakini siku ile jiko lililindwa naye.

Wakati ulipofika, Mama Namwinga alichukua kipimajoto cha nyama, ile sindano yenye saa kichwani, akampa Shangazi nafasi. "Funua mwenyewe." Alifunua. Harufu ile siwezi kuieleza na sitajaribu. Kipimajoto kikasema imeiva mpaka katikati. Tukaipitisha ngozi kwenye oveni kali kidogo tu ipate rangi, tukaiacha nyama ipumzike juu ya ubao, maana ukiikata ikiwa inatoka motoni maji yote yanaishia kwenye ubao. Kisha Mama akaikata kukatiza nyuzi zake, vipande vyembamba, akamwagia mchuzi wa chini ya chungu. Kila kipande kiling'aa. Nilionja kilichoanguka na nikajua hatufukuzwi.

Ukumbini wazee wa Nakonde walikula wakamaliza, halafu mmoja wao akasimama akauliza kwa sauti nani amepika, aje wamshukuru. Meneja mwenyewe alikuja mlangoni kumwita Mpishi Mkuu. Nilimfungulia Mama Namwinga aproni ili atoke akiwa nadhifu. Hii ilikuwa nafasi yake, na ilikuwa nafasi yetu sote: Meneja amwone anapigiwa makofi, habari ya mpishi wa Mbeya ife. Badala yake alichukua sinia ya pili, akaiweka mikononi mwa yule mama wa bondeni. "Nenda, Shangazi. Wanakuita."

"Mama!" nilimnong'oneza. "Kazi zetu!"

"Nyamaza, Nzunda."

Shangazi alikwenda. Kupitia mlango tuliona wazee wakisimama. Tulisikia "natotela" nyingi, ndizo asante za ng'ambo, na vigelegele, na bibi harusi akamkimbilia na shela lake likiburuzwa, akamkumbatia shingoni mpaka sinia ikayumba. Meza kuu wakavuta kiti. Tuliona kabisa wakimwonyesha kiti, na yeye anatikisa kichwa. Akarudi jikoni na sinia tupu, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Mbona hukukaa?" nikamuuliza.

"Nimewaambia nina kazi jikoni."

Meneja aliingia nyuma yake. Alijua vizuri nani amepika. Si mtu wa kudanganywa kuhusu hoteli yake. Alichukua kipande kwenye ubao kwa vidole, akala amesimama, akachukua kingine. "Mama," akasema akiwa bado anatafuna, "Jumamosi ijayo kuna harusi nyingine. Mwambie Nzunda anunue vitunguu." Mpishi wa Mbeya hakutajwa tena kwenye hoteli ile.

Mama Namwinga alistaafu, nikachukua cheo chake, na mimi pia nimestaafu, nimerudi Igamba kwenye kahawa ya baba yangu. Vijana wa majiko ya mjini hunipigia simu kuuliza siri ya kidari laini. Nawaambia maji ya chumvi, siagi chini ya ngozi, moto mdogo, mfuniko usiguswe, nyama ipumzike. Wanashukuru na kukata simu. Kuhusu ile sinia hawaniulizi, nami sijui ningewafundishaje. Mimi mwenyewe sikufundishwa, nilisimama tu pale nikiona mtu anatoa kitu ambacho sisi wote tulikuwa tunakihitaji, akampa aliyekihitaji zaidi.

Tulimzika Mama Namwinga majuzi. Watu walijaa, malori yakapunguza mwendo barabarani. Karibu na adhuhuri niliona bibi mmoja mkongwe akishushwa kwenye bodaboda, vumbi la Momba limemfika magotini. Hakwenda kwenye mahema walikokaa wageni. Alipita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, kwenye masufuria ya msiba, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni na kuuliza kuna kazi gani. Wasichana waliokuwa wanachochea kuni walitazamana, wakaniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, huyu ni nani?"

"Mpishi mwenzetu," nikasema. "Mpeni mwiko."