Mkwaruzo au Chale

Mpanda tulikuwa tukisema picha inasafishwa. Ukipigwa picha, filamu ilipanda treni kwenda Tabora, ikasafishwa huko, na wewe ukawa unapita studio kila siku kuuliza kama zimerudi. Mtu akisema "nisafishie picha" alikuwa na maana moja tu: itoe niione kwenye karatasi. Nimezaliwa Majengo, nimekua na neno hilo, na bado ndilo lililoniponza. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimetoka chuo kikuu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na shahada ya jiografia, bahasha ya vyeti, na barua za maombi ya kazi ambazo hakuna aliyezijibu. Mwenye studio moja pale Majengo, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa ameleta kompyuta, skana na printa kwa treni ileile ya filamu. Sokoni alimsikia mama yangu akisema kwamba chuoni nilisoma kompyuta. Kweli nilisoma, wiki tatu. Tulikuwa wanafunzi sita kwa mashine moja, na mimi nilikaa wa sita, nikitazama mabega ya wenzangu. Hilo mama hakulisema.

"Mimi ni darasa la saba, wewe ni msomi," Fundi aliniambia siku ya kwanza. "Mashine hiyo hapo, kitabu hicho hapo. Ukielewa wewe, utanielewesha na mimi."

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kinene kama Biblia ya padri. Nilianza ukurasa wa kwanza, kwa sababu sijawahi kuweza kuanza kitabu katikati bila kuhisi kuna kitu muhimu nimekiruka. Nilichora vifaa vyote vya programu ile kwenye daftari: kamba ya kuzungushia unachotaka kukata, fimbo yenye nyota, brashi, muhuri. Muhuri ulinisumbua kuliko vyote. Alama yake ilikuwa muhuri wa ofisini kabisa, wa mpira, wenye mpini, na kwa siku tatu niliamini kazi yake ni kugonga jina la studio. Kumbe unachukua ngozi nzuri kutoka sehemu moja ya picha na kuigonga juu ya ngozi mbaya sehemu nyingine. Nilipoelewa nilifurahi, halafu nikaogopa. Ngozi nzuri ni ipi? Nani anaamua? Niliyaandika maswali hayo daftarini kana kwamba kuna mwalimu angekuja kuyasahihisha.

Leya ndizo zilizonishinda. Kitabu kilisema nifikirie karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa na kipande chake cha picha. Nilifikiria. Kisha nikapaka rangi kwa nusu saa bila kuona badiliko lolote, kwa sababu nilikuwa nikipaka karatasi ya chini. Fundi alikuja na kikombe chake cha chai, akatazama kioo.

"Vipi, imegoma?"

"Haijagoma. Nadhani inafanya kazi mahali ambapo hatupaoni."

"Kama wizara," akasema, akaenda zake.

Jenereta iliyokuwa nyuma ya studio iliwashwa saa nane mchana na kuzimwa saa kumi na mbili jioni. Asubuhi nzima nilikaa mbele ya kompyuta iliyozimwa nikisoma kuhusu mambo ambayo ningeyafanya mchana, na mchana nikashindwa kuyafanya, nikitafuta kwenye kitabu ni wapi nilipoelewa vibaya.

Jumatatu moja akaingia mzee mmoja aliyetoka Sibwesa, mkulima, suruali yake imekunjwa mara moja juu ya kiatu kwa sababu ya matope.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Fundi yupo?"

"Amekwenda kupiga picha za kipaimara. Nikusaidie mimi?"

Alinitazama kidogo, kisha akatoa mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko gazeti, ndani ya gazeti kadi ya zamani ya chama cha ushirika. Kwenye kadi palikuwa na picha ndogo ya mwanamke, nyeusi na nyeupe. Kitambaa kichwani, midomo imefumbwa. Ukungu ulikuwa umeila pembeni, na mikwaruzo ilipita usoni huku na huku.

"Huyu ni mama yetu. Ametutoka mwaka jana. Jumamosi hii tunaweka msalaba kwenye kaburi lake. Naomba unisafishie, iwe kubwa hivi," akatanua mikono kama mtu anayepima ungo, "itangulie mbele tukienda makaburini. Nyingine hatuna."

"Hamna kabisa?"

"Aliogopa kamera. Hiyo alilazimishwa. Bila picha, tumbaku yake isingepokelewa."

"Nitaisafisha vizuri sana, baba."

"Wewe isafishe tu," akasema.

Yeye alitaka nakala kubwa. Mimi nilisikia kazi ya kusafisha, ile yenyewe, ambayo kitabu changu kilikuwa na sura nzima juu yake. Sikumuuliza. Mimi ninayeuliza kila kitu, siku ile sikuuliza.

Nilianza kwa pamba yenye maji kidogo ili kupunguza ukungu. Kitabu hakikusema kitu kuhusu maji. Niliilaza picha kwenye kioo cha skana ikiwa bado na unyevu, skana ikapita, uso wa yule mama ukatokea kwenye kompyuta, safi na mkubwa, nikapiga makofi peke yangu. Nilipoinua karatasi ilikataa. Niliivuta taratibu. Ilikuja, lakini kipande cha shavu kilibaki kimegandia kwenye kioo kama ngozi ya maziwa, na nilipojaribu kukibandua kikawa uji. Nilikaa chini. Kisha nikajiambia: picha ipo ndani ya kompyuta, nzima. Karatasi ni karatasi.

Siku mbili niligonga muhuri. Nilikuza uso ule mpaka ukawa miraba ya kijivu, nikafuta mkwaruzo baada ya mkwaruzo kuanzia kwenye paji la uso kushuka. Nilipomaliza, programu iliniuliza kama nataka hii ichukue nafasi ya ile ya kwanza. Swali hilo nililifikiria muda mrefu. Nikiwa na picha mbili zenye uso mmoja, je, siku moja sitazichanganya? Je, Fundi hatatoa ile mbaya kwa bahati mbaya? Ili kuondoa mkanganyiko, nikajibu ndiyo.

Fundi aliitoa kwenye printa, akaishika mbali na macho. "Duh! Bibi amekuwa msichana." Nililichukua kama sifa.

Alhamisi saa tisa mchana mzee akarudi, safari hii na dada yake mkubwa anayeishi Ilembo, hapohapo mjini, mama mrefu aliyejifunga kitenge juu ya koti. Nikamkabidhi mzee picha kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu.

"Mwanangu, umechanganya. Hii ni ya watu wengine."

"Ndiye, baba. Tazama kitambaa."

"Kitambaa nakiona." Akampa dada yake. "Dada, hebu angalia."

Dada hakuhitaji muda. "Kitambaa ni cha mama," akasema. "Aliyekivaa simjui. Chale zake ziko wapi?"

Hapo ndipo nilipojua. Marehemu alipokuwa mtoto aliumwa macho, akachanjwa chale chini ya jicho ili kutiwa dawa, kama walivyochanjwa wengi wa umri wake. Mimi niliona mistari mifupi katikati ya mikwaruzo mingi, nikaigongea muhuri yote.

"Basi tupe ile ya zamani," mzee akasema.

Niliwapa kadi. Chini ya jicho moja mpaka jirani na la pili palikuwa peupe, hakuna kitu. Fundi alivua kofia yake.

"Msomi. Ile ya kwanza iko wapi humo ndani?"

"Nimeihifadhi hii juu yake."

"Kwa hiyo yenyewe iko chini."

"Haiko chini. Haiko."

"Si ulinifundisha kuna karatasi nyingi zimepangana?"

"Hizo ni nyingine, Fundi."

Mzee alikaa kwenye benchi la wateja. Hakupiga kelele; angepiga, ingekuwa afadhali. Alisema tu, kama anajiuliza mwenyewe, "Sasa Jumamosi tutabeba nini?" Nikasema chale naweza kuzirudisha, waniambie tu zilikaa wapi. Nilisema kabla ya kujua kama naweza.

"Jicho la kushoto," mzee akasema. "Mbili."

"La kulia," dada akasema. "Tatu."

"Dada, kushoto!"

"Wewe ulikuwa Sibwesa na tumbaku yako. Mimi ndiye niliyemwogesha."

"Nimemtazama maisha yangu yote!"

"Ulikuwa unatazama sahani."

Nikaingilia. "Samahani, kushoto kwake, au kushoto kwetu tunaomtazama?"

Wote wakageuka kunitazama, kisha wakatazamana, kila mmoja akainua mkono mmoja, akaushusha, akainua mwingine. "Nyie, subirini," Fundi akasema, "msomi, nyamaza kidogo." Nilinyamaza na kujaribu kukumbuka mwenyewe. Nilikuwa nimeukaribia uso ule kuliko mtu yeyote, kwa siku mbili, na nilichokumbuka ni miraba ya kijivu. Nilikumbuka mkono wangu ulivyochoka. Chale sikuzikumbuka.

Dada akavuta kiti mbele yangu. "Kaa hapa, binti."

Nikakaa. Akashika ncha ya kitenge chake, akaizungusha kwenye kidole gumba, akafumba macho, akaanza kunifuta uso. Paji la uso, pua, shavu moja, la pili. Alifuta kama mtu anayefanya jambo la kila siku, haraka haraka, na chini ya jicho langu moja kidole kikapunguza mwendo. Akarudia. Kikapunguza tena palepale.

"Hapa," akasema bila kufumbua macho. "Hapa nilikuwa napita polepole. Alisema pananyonyota."

Lilikuwa jicho langu la kulia. Kwa hiyo la kulia la marehemu, yaani upande wa kushoto wa yeyote anayemtazama. Ikawa kaka hakukosea na dada hakukosea. Niliwaeleza mara mbili, na mara ya pili mimi mwenyewe nikapotea katikati ya sentensi, lakini wao walishaelewa.

"Na idadi?" Fundi akauliza.

"Mbili," kaka akasema.

"Tatu," dada akasema, lakini taratibu. "Ya tatu ilikuwa fupi. Akicheka ndiyo inatokea."

Mzee akainua kadi. "Hapa hakucheka."

Dada akafikiri. "Hakucheka," akakubali. "Basi mbili."

Niliketi mbele ya kompyuta na wao watatu nyuma ya mabega yangu. Nilichukua mstari kwenye kunyanzi la shingo, nikaugonga chini ya jicho. Ulitoka umenyooka kama wa rula. "Hapana," dada akasema, "aliyemchanja mkono wake ulitetemeka." Programu ile ilikubali kurudi nyuma hatua moja tu, kwa hiyo kila pigo moja la muhuri nililifikiria kabla, na kila nilipofikiria sana Fundi alikohoa. Shusha. Zidi kidogo. Umepita. Nikarudi. Tena. Safari hii nilihifadhi kila jaribio kwa jina lake, mpaka majina yakaniishia.

Saa kumi na moja na nusu printa ikaitoa. Mzee aliishika kwa kingo, akaitazama, akafungua mdomo kama anayetaka kumwamkia mama yake. Akampa dada yake.

"Ndiye, mama?" nikauliza.

"Anakaribia."

"Kama kuna pa kurekebisha, jenereta bado iko..."

"Nimesema anakaribia, binti. Wewe funga kazi."

Waliifunga kwa gazeti, wakaondoka. Nilikuwa bado nimesimama pale, nikijiuliza kama wamekubali au wamechoka, dada aliporudi peke yake mpaka mlangoni.

"Ile chale ya tatu, ya kicheko," akasema. "Hata nikija siku moja kukuomba, usiiweke."

Nikamjibu sawa, mama. Nilikuwa nimeshaahidi kabla sijaelewa ninamwahidi nini, na nilipotoka nje kumuuliza alikuwa ameshakata kona kumfuata kaka yake.